Jipu la Ini: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza Nairobi

Baba mdogo wangu alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, akatibiwa brusela (homa inayotoka kwa mifugo), yote ndani ya siku 19, kabla ya mtu yeyote kumpaka jeli tumboni na kulitazama ini lake kwa ultrasaundi. Upande wa kulia wa ini kulikuwa na jipu la upana wa sentimita 9, limejaa usaha. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Katika siku hizo nilimpigia simu mara mbili kumjulia hali, na mara zote mbili nikamhimiza amalize dozi aliyopewa. Nimeuguza wagonjwa wa jipu la ini miaka na miaka, na bado sikumuuliza swali ambalo lingetosha: "Baba mdogo, ukisema tumbo, unaumwa wapi hasa?"

Alipona. Nayaandika haya kwa sababu ugonjwa huu hutibika vizuri ukigunduliwa mapema, na huua ukicheleweshwa. Hapa Nairobi kuchelewa kwenyewe kuna njia zake, na njia hizo nazijua. Huu si ushauri wa kujitibu nyumbani. Ni wa kukufikisha mahali panapofaa, ukijua la kuuliza.

Usaha unafikaje kwenye ini

Karibu damu yote inayotoka matumboni hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Bakteria wachache wakija na damu hiyo, ini huwamaliza bila mwenyewe kujua. Shida huanza wakija wengi kwa mpigo, au wakimkuta mtu ambaye kinga yake imechoka. Hapo hupata pahali pa kukaa, mwili unawazingira kwa chembe nyeupe za damu, nyama ya ini inakufa, na shimo la usaha linaanza kupanuka. Mara nyingi ni upande wa kulia, kwa kuwa ndio mkubwa na ndio unaopokea sehemu kubwa ya damu ya matumbo.

Njia inayoongoza ni mirija ya nyongo. Jiwe au uvimbe ukiuziba mrija, nyongo hutuama, na kinachotuama huvunda. Njia nyingine ni matumbo yenyewe: kidole tumbo kilichopasuka, au uambukizo kwenye utumbo mpana. Wengine huletewa bakteria na damu kutoka kwenye valvu ya moyo au jino bovu, na wachache hupata jipu baada ya kuchomwa kisu au kugongwa ubavuni. Halafu kuna kundi kubwa ambalo chanzo hakionekani siku ya kwanza. Kundi hilo nitalirudia, kwa maana ndilo linalosahaulika baada ya mgonjwa kwenda nyumbani.

Hatua ya 1: Pima hatari yako

Anza na sukari. Kama kuna jambo moja la kushika hapa, ni kwamba mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa mara kadhaa kuliko asiye nacho. Sukari ikiwa juu, chembe za kinga hufanya kazi kwa uvivu, na bakteria aina ya Klebsiella hupata nafasi. Baba mdogo hakujua kwamba anaugua kisukari. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa nguvu, anakunywa maji sana kwa sababu, alivyoamini, jua la mjengo ni kali. Siku aliyolazwa sukari yake ilikuwa 19 mmol/L, juu sana. Kwa hiyo homa ikidumu, pima sukari hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari. Ni tone moja la damu kidoleni na jibu hutoka papo hapo.

Wengine walio hatarini ni wenye mawe ya nyongo au waliowahi kuwekewa kimirija kwenye njia ya nyongo, wenye saratani ya nyongo, kongosho au utumbo mpana, wenye ini lililosinyaa kwa pombe au homa ya ini ya aina B au C, wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wazee. Watumiaji wa muda mrefu wa vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, nao wameonekana kupata jipu hili zaidi. Hilo la mwisho linanigusa, kwa sababu mtaani kila maumivu ya tumbo huitwa "alsa" na omeprazoli hununuliwa kwenye kemisti kama peremende, miezi na miezi, bila mtu kuchunguzwa.

Hatua ya 2: Mahali panapouma

Dalili kuu ni homa. Mara nyingi huja na baridi ya kutetemesha, meno yanagongana, kisha jasho linalolowesha shuka. Pamoja nayo kuna maumivu chini ya mbavu za kulia, ingawa si kila mgonjwa anayo, na wazee na wenye kisukari wanaweza kuwa na maumivu kidogo tu. Hamu ya chakula hupotea, uzito unashuka, mwili unachoka. Macho yakiwa ya manjano, shuku mirija ya nyongo.

Sasa fanya hivi. Mlaze mgonjwa chali, weka kiganja chini ya mbavu za kulia, umwombe avute pumzi kwa kina. Akikatiza pumzi katikati kwa maumivu, hiyo ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Muulize pia kuhusu bega la kulia. Jipu likiwa juu ya ini hugusa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu husikika begani. Baba mdogo alikuwa akikandwa bega na jirani kila jioni, akidhani ni uzito wa mawe. Kikohozi kikavu na kwikwi isiyokoma hutokea kwa sababu hiyohiyo. Usikubali mtu akande tumbo lenyewe.

Zipo dalili zisizongoja kesho: kuchanganyikiwa, kupumua mbio, mikono kuwa baridi huku mwili una homa, kukosa mkojo, au tumbo kukakamaa ghafla kama ubao. Hiyo ya mwisho huenda ni jipu lililopasuka. Na jicho likianza kuuma, kuwa jekundu au kuona ukungu kwa mtu mwenye homa ya namna hii, ni dharura ya siku hiyohiyo, maana Klebsiella ana tabia ya kusafiri kutoka kwenye ini hadi kwenye jicho au ubongo, na jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache.

Hatua ya 3: Usimeze antibiotiki ya pili bila picha

Hapa ndipo tunapopotezea watu. Mgonjwa anaingia kliniki ya mtaani na homa. Anatolewa damu, anapimwa malaria, halafu anafanyiwa kipimo cha Widal, kinasoma "chanya", na anaambiwa ana taifodi. Kipimo hicho kikifanywa mara moja tu si ushahidi wa kutosha. Huweza kuwa chanya kwa mtu aliyeugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye uambukizo mwingine kabisa. Mgonjwa anapewa vidonge vya siprofloksasini vya siku 5 au 7. Dawa hiyo huwagonga baadhi ya bakteria wa jipu, homa inashuka siku mbili tatu, kila mtu anafurahi, kisha inarudi. Sasa anapimwa brusela.

Simlaumu mhudumu wa kliniki ndogo mwenye foleni ndefu na vifaa vichache. Lakini wewe uliye na mgonjwa unaweza kuweka mpaka wako. Mimi naweka huu: homa iliyopita siku 7, au iliyorudi baada ya dozi kamili, haipewi dozi nyingine kabla ya ultrasaundi ya tumbo. Kukiwa na maumivu upande wa kulia, hata siku 7 usingoje.

Kipimo cha malaria kifanywe, hasa kwa aliyetoka Kisumu, Busia au Pwani majuzi. Nairobi yenyewe iko juu na malaria inayopatikana hapa hapa si nyingi, kwa hiyo homa ya mtu ambaye hajasafiri isipewe jina hilo bila kipimo.

Katika hospitali, omba damu ya kuotesha itolewe kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki. Maabara huiita kalcha. Huwekwa kwenye chupa maalumu, huachwa siku kadhaa, na bakteria akiota hujulikana jina lake na dawa inayomuua. Ukishameza vidonge vya wiki mbili, huenda kalcha isioteshe kitu, na daktari abaki akikisia. Ila mgonjwa aliyezidiwa hacheleweshwi: damu inatolewa na dawa inaanza ndani ya saa hiyo.

Hatua ya 4: Uende wapi

Zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hufaa kwa kupima sukari na malaria na kwa barua ya rufaa. Kwa ultrasaundi, vipimo vya damu na kulazwa, nenda hospitali ya ngazi ya 4 au 5, mfano Mama Lucy Kibaki kwa wakazi wa Eastlands au Mbagathi kwa walio upande wa Kibra na Lang'ata. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni ya ngazi ya 6 na hupokea rufaa. Kutoboa jipu kwa kuongozwa na picha kunahitaji mtaalamu aliyezoea, kwa hiyo kabla ya kulazwa uliza waziwazi: "Je, hapa mnaweza kutoa usaha wa jipu la ini, au mtatupa rufaa?" Swali hilo linaweza kukuokolea siku tatu za kungoja kitandani.

Usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ufanye sasa, si siku ya kulazwa. Unabonyeza *147# kwenye simu. Kujisajili hakutoshi, mchango uwe umelipwa. Na mgonjwa akiwa hali mahututi, Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Litaje hilo kwa upole mlangoni.

Picha ya kwanza ni ultrasaundi. Haina mionzi, na majipu mengi huonekana kwayo. Siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa huona hata madogo, na mara nyingi huonyesha chanzo. Mgonjwa anayetumia metformini, dawa ya kisukari, au mwenye figo dhaifu amwambie mpiga picha mapema. Vipimo vya damu huonyesha chembe nyeupe zikiwa juu, vimeng'enya vya ini vimepanda, na protini ya albumini imeshuka.

Hatua ya 5: Ni jipu la aina gani?

Si kila shimo kwenye ini limeletwa na bakteria, na tofauti hii hubadilisha tiba yote.

La kwanza la kutenganisha ni jipu la amiba. Kimelea chake huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na katika mji ambamo wengi hununua maji ya mtungi wasiyojua yametoka wapi, liko. Huwapata zaidi wanaume watu wazima. Usaha wake huwa wa kahawia kama chokoleti na kwa kawaida hauna harufu kali, ilhali wa bakteria mara nyingi ni wa manjano au kijani, na ukiwa na bakteria wasiopenda hewa hunuka vibaya sana. Kipimo cha damu cha kingamwili husaidia. Jipu la amiba kwa kawaida hupona kwa metronidazoli bila kutobolewa, isipokuwa likiwa kubwa sana, likikaribia kupasuka, au dawa isipoleta nafuu ndani ya siku chache. Baada yake lazima ifuate dawa ya pili ya kuua amiba waliobaki ndani ya utumbo. Watu wengi hawapewi hiyo ya pili. Iulizie.

La pili ni kifuko cha tegu wa mbwa, ugonjwa wa haidatidi. Kenya inaufahamu sana: Turkana imejulikana kwa miongo kama mojawapo ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kifuko hicho kikichomwa sindano bila maandalizi, maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, na kusambaza vifuko vipya. Kwa hiyo kama mgonjwa alikulia Turkana, Umaasai au popote penye mifugo na mbwa, aseme kabla ya mtu kushika sindano, hata kama ameishi Kayole miaka 30.

Hatua ya 6: Tiba yenyewe

Tiba ina miguu miwili, dawa na kutoa usaha, na jipu kubwa halisimami kwa mguu mmoja. Dawa husafiri kwa damu, na katikati ya usaha hakuna damu. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa dripu wiki mbili na homa ikabaki palepale.

Dawa huanza kwa mshipa. Mpango unaotumika sana ni seftriaksoni gramu 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, ukishughulikia bakteria wa matumbo, wale wasiopenda hewa, na amiba pia wakati majibu yanangojewa. Daktari hubadilisha kulingana na kalcha, figo za mgonjwa, na kama bakteria ni sugu. Mgonjwa akipata nafuu, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, huhamishiwa vidonge. Jumla ni wiki 4 hadi 6. Mgonjwa huhisi amepona wiki ya pili, na hapo ndipo vidonge huachwa kwenye dirisha. Akiacha, jipu linaweza kurudi na bakteria aliyezoea dawa.

Wakati wa metronidazoli asinywe pombe kabisa, wala siku 3 baada ya kuimaliza. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma na mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo, hayo hupita. Ganzi au mchomo wa sindano kwenye nyayo na vidole, hapana: mwambie daktari upesi. Siprofloksasini isimezwe pamoja na maziwa wala dawa ya kutuliza asidi, kwani haitaingia mwilini vizuri.

Jipu dogo, chini ya sentimita 3 hivi, laweza kutibiwa kwa dawa pekee. La hadi sentimita 5 hunyonywa kwa sindano, wakati mwingine zaidi ya mara moja, au huwekewa mrija. Likizidi 5, mrija mwembamba hupitishwa ngozini, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi ya mahali hapo tu, mtaalamu akiongozwa na ultrasaundi au siti skani. Hakuna kulala nusukaputi wala kidonda kirefu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona familia ikikataa kutia saini, ikidhani baba anakwenda kupasuliwa ini. Upasuaji hubaki kwa jipu lililopasuka, lenye vyumba vingi, lenye usaha mzito usiopita mrijani, au pale mrija uliposhindwa. Chanzo kikiwa mrija wa nyongo ulioziba, lazima uzibuliwe pia, kwa kamera inayopitishwa mdomoni.

Kabla ya kutobolewa, taja dawa zote za kufanya damu kuwa nyepesi, aspirini ikiwemo. Na usaha uliotolewa upelekwe maabara. Umeuona ukitupwa? Uliza.

Hatua ya 7: Kuutunza mrija

Hii ni kazi ya anayeuguza kuliko ya daktari, na nitakaa hapa kidogo.

Mrija hushonwa au kugandishwa kwenye ngozi, ukaishia kwenye mfuko. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote, ili usaha uteremke. Ubane kwenye shati kwa pini au plasta. Mrija mwingi huchomoka mgonjwa akigeuka usingizini au akipanda matatu. Kila asubuhi, saa ileile, pima kilichotoka kwa mililita, uandike pamoja na rangi. Mama mdogo aliandika kwenye daftari la shule la kurasa 32: 240, 110, 70, 40, 45, 20, 8. Daktari alipolisoma daftari hilo hakuuliza kitu kingine. Mrija kwa kawaida hutolewa kilichotoka kikishuka chini ya mililita 10 kwa siku, homa imekwisha, na picha inaonyesha shimo limefumba.

Lakini kukoma ghafla, kutoka 110 jana hadi sifuri leo huku homa ipo, si kupona. Mrija umeziba au umehama. Wodini tunausafisha kwa maji safi ya chumvi yaliyotakaswa. Usilijaribu hilo nyumbani bila kufundishwa. Damu mbichi nyingi mfukoni, kuvuja pembeni, au mrija kuchomoka, yote ni ya kurudi hospitali siku hiyo. Usiurudishe ndani kwa mkono.

Hatua ya 8: Wiki za nyumbani, na kutafuta chanzo

Chakula kiwe cha kujenga mwili. Ndengu, maharagwe, mayai, omena, maziwa. Na kwa mwenye kisukari, ugali upunguzwe badala ya kuondolewa. Sukari ipimwe na kuandikwa, kwani jipu haliponi vizuri sukari ikiwa juu, na ugonjwa wenyewe huipandisha. Dawa za mitishamba ziwekwe kando wiki hizi. Ini lililojeruhiwa halihitaji mgeni.

Ultrasaundi hurudiwa baada ya wiki chache. Usishtuke ikisema shimo bado lipo. Kovu hilo huweza kuonekana miezi kadhaa baada ya bakteria kuisha, na homa, hamu ya kula na vipimo vya damu ndivyo vinavyoeleza zaidi.

Sasa lile kundi la chanzo kisichojulikana. Jipu la ini, hasa la Klebsiella, wakati mwingine huwa ishara ya kwanza ya saratani ya utumbo mpana ambayo haijajitangaza. Asiyepatikana na mawe ya nyongo wala kidole tumbo, akiwa mtu mzima, aulizie uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera baada ya kupona. Meno yaangaliwe. Moyo usikilizwe, na kukiwa na shaka upigwe picha. Mwenye mawe ya nyongo apangiwe siku ya kutoa kifuko cha nyongo.

Baba mdogo alikutwa na mawe. Alitaka kurudi mjengoni kwanza, akaniambia, "Binti yangu, mimi niko sawa, hayo mawe yamekaa huko miaka, hayana haraka." Nilikwenda naye kliniki mwenyewe. Kifuko kilitolewa mwezi wa tatu baada ya mrija. Daftari bado liko kwa mama mdogo, na kurasa zilizobaki sasa anaandikia sukari ya asubuhi ya baba mdogo.